Ukuta Usiowahi Kuupanda

3 Februari

Wewe binti,

Salamu zitasubiri. Nani alikuandikia ile barua ya mwezi uliopita? Jina ni lako, maneno ni yako, hata uongo kwamba unakula vizuri ni wako, lakini mwandiko si wako. Herufi zako husimama wima kama wanafunzi mstarini. Hizi zimelala chali kama walevi. Tena wino umeburutwa karatasi nzima, kila mstari una mkia. Mimi niliishia darasa la tatu, sikuishia ujinga. Aliyeshona miaka arobaini anajua mkasi ulioshikwa kwa kulia na ulioshikwa kwa kushoto. Umeandika kwa kushoto. Mkono wa kulia umeuweka wapi?

Miezi mitatu umekaa kimya, halafu unaniletea ukurasa mmoja wenye habari za mvua. Mvua hata hapa ipo. Sikukulea ili unisimulie mvua.

Sasa salamu. Hujambo, mke mwenzangu? Mume wetu yuko kaburini, hatuna tena cha kugombea, kwa hiyo ungeweza kunifanyia adabu ukasema kweli. Hapa tu wazima. Shule imefunguliwa, nina sketi sitini za kushona, na mwalimu mkuu ameamua kola ziwe za mviringo baada ya mimi kukata thelathini za ncha. Nikamwambia kola za ncha ndizo zilizomsomesha yeye. Akacheka, lakini hakubadili neno. Paka amezaa ndani ya kabati la vitambaa, juu ya pamba nyeupe, hakuiona kaniki pembeni. Magoti yangu yana habari zao, siyasikilizi.

Jibu swali langu. Usinizungushe.

Bibi yako

---

25 Februari

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeisomea ngazini, kabla sijafika chumbani, na nimekaa palepale mpaka jirani wa juu akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni bibi yangu anasalimia.

Nimehama, sasa niko ghorofa ya pili. Dirisha linatazama ukuta wa jiko la hoteli tunayofulia mashuka yake, kwa hiyo kazini nanusa sabuni na nyumbani nanusa vitunguu. Sina malalamiko. Mkono ndio wenye malalamiko.

Ni kweli, niliandika kwa kushoto. Bega la kulia lilitoka. Shuka kubwa likitoka kwenye mashine tunalishika wawili, mmoja huku mmoja kule, tunalikung'uta ili lisijikunje. Mwenzangu yule tunayemwita Mnyapara, ingawa mshahara wetu ni mmoja, alivuta kabla sijajiandaa. Bega likatoka, halikulia hata kidogo. Nilitazama tu nikaona hapa juu pamebonyea na mkono umening'inia pembeni kama wa mtu mwingine. Mnyapara akasema, "Mwenzangu, rudisha mkono wa watu," halafu akaanza kulia yeye badala yangu.

Hospitali waliurudisha. Na kwa kuwa umeniambia nisikuzungushe: hii ni mara ya tatu tangu mwaka jana. Sikukuambia kwa sababu ungekuja, na najua safari hii inavyoumiza miguu.

Daktari wa mifupa amenipiga picha, mifupa yenyewe haina ufa. Ameniuliza lilitoka lini mara ya kwanza kabisa maishani. Nikamwambia nikiwa na miaka mitano nilianguka kutoka juu ya ukuta wa uani, bibi yangu akalirudisha kwa mikono yake. Ameandika. Lakini anataka kujua ukuta ulikuwa na kimo gani, na niliangukia kiganja au bega. Mimi nakumbuka tu ukuta ni mrefu na jua linaniingia machoni. Wewe ulikuwepo. Niandikie haraka, ameniweka kwenye orodha ya kupasuliwa.

Nikiandika habari za ukuta ule nakumbuka kwamba ndiyo siku Mama aliposafiri. Basi naacha hapa.

Mjukuu wako

---

20 Machi

Marahaba, mjukuu wangu,

Hapa hatujambo. Sketi zimekwisha, bado kaptula. Watoto wa paka wamefungua macho na wamechagua kunikojolea uzi wa buluu. Paa nimeziba. Padogo bado panavuja, nimeweka sufuria.

Kwanza, huyo Mnyapara wako mwambie mtu havuti kitu ambacho mwenzake hajakishika. Pili, hakuna kupasuliwa. Mtu si nguo, kwamba ukiona pamelegea unatia mshono. Mimi nimerudisha bega lako kwa mikono hii, bila karatasi, bila orodha, na ulikula uji jioni hiyohiyo. Likande kwa maji ya vuguvugu, lifunge, lala upande wa pili. Acha mashuka kwa wiki mbili.

Tatu, sijui hao madaktari wanashangaa nini. Ukoo wetu ni wa viungo laini. Mimi hapa, na umri wangu huu, dole gumba langu linalala mpaka kwenye kifundo cha mkono, pale pa saa. Juzi nimewaonyesha watoto wa darasa la kwanza wakakimbia. Nyinyi wote mmetoka kwangu. Wewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikuita mbele ya wageni ukunje vidole kinyumenyume, na wageni wakikupa peremende. Walikuita Lastiki. Ulikuwa fahari yangu. Huo si ugonjwa.

Mambo ya ukuta ni ya zamani. Ukuta ni ukuta. Mwambie daktari atazame bega, asitazame ukuta.

Je, unakula?

Bibi

---

11 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nakula. Mnyapara ananiletea chakula kwenye bakuli kila mchana, na kila nikilimaliza anasema deni la bega halijaisha. Sasa sishiki tena shuka naye, nakunja taulo kavu mezani. Msimamizi amenipa mpaka mwezi wa saba. Baada ya hapo, kama mkono hauvuti, atatafuta mkono mwingine.

Nimekutana na dada mmoja pale hospitali anayefundisha mazoezi ya viungo. Mdogo, mkali, anafanana na wewe ukiwa na pini mdomoni. Alinikunja kila mahali. Kidole kidogo kikarudi nyuma, dole gumba likalala mkononi, viwiko na magoti vikapinda kupita mstari, viganja vikagusa sakafu bila kukunja magoti. Anahesabu alama, mwisho ni tisa. Nilipata nane. Nilifurahi, nikidhani ni mtihani. Hakufurahi. Akanivuta mkono kuelekea chini, kidogo tu, na chini ya mfupa wa bega pakatokea bonde la kuingia kidole. Akafanya vilevile kwa bega la kushoto, ambalo halijawahi kutoka. Bonde lilelile.

Akanieleza hivi. Bega hushikwa na kano na misuli. Kuna mtu anaanguka kwa kishindo, kano inachanika mahali pamoja, bega linakuwa na mlango. Huyo akishonwa anapona. Na kuna mtu aliyezaliwa na kano laini mwili mzima, bega lake linatoka kwa jambo dogo, bila kishindo. Huyo ukimshona kwanza, mshono nao unalegea, unarudi pale pale ukiwa na kovu. Huyo anafundishwa misuli, miezi mingi, mpaka misuli ifanye kazi ambayo kano imeshindwa. Anadhani mimi ni huyo wa pili. Lakini daktari mkubwa anasema, mtoto aliyeanguka kutoka juu ya ukuta mrefu ana kishindo cha kutosha. Kila kitu kinasimama juu ya ule ukuta, Bibi. Nitapasuliwa tarehe 14 Mei kama hakuna neno jingine.

Umeniandikia uzi wa paka ukaacha ukuta. Mimi ni mjukuu wako, nakujua. Ukiongea sana, kuna kitu umekikalia.

Usidhani ni bega tu. Kila nikilazwa kwenye kile kitanda cha kupimiwa, mkono umefungwa, nawaza siku ile. Ulisema Mama aliponiaga nilikuwa nimelala na bandeji, hakutaka kuniamsha. Miaka ishirini na mitatu najilaumu kwa usingizi ule. Angalau ningemwona mgongo. Tangu alipozikwa kule ugenini sina cha mwisho cha kukumbuka, nina usingizi tu.

Niambie ukuta ulikuwa na kimo gani.

Wako

---

2 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako imekaa wiki mbili kwenye sanduku la shule kwa sababu ya likizo. Leo wamefungua, leo nimeipata, na hii naiandika leo. Siiweki posta. Nampa dereva wa basi mkononi. Ningeweza kukupigia simu ya ofisi ya shule, lakini mwalimu mkuu hukaa palepale akijifanya anasahihisha madaftari. Na hata angetoka nje, jambo hili siwezi kulisema huku naisikia pumzi yako.

Salamu sina leo. Nisikilize.

Ule ukuta una kimo cha goti. Ukija utauona, kuku wanauruka bila hata kupiga mbawa. Hujawahi kuanguka kutoka juu yake. Hujawahi kuupanda. Habari ya ukuta niliitunga mimi jioni ile, nikakusimulia kila ulipouliza, na nilikusimulia vizuri mpaka ukaanza kunisimulia wewe, ukaongeza na jua machoni. Nikakuacha. Nilifurahi kwamba umekumbuka.

Kilichotokea ni hiki. Mama yako alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kutafuta kazi ugenini. Gari la kumchukua lilikuwa limesimama barabarani na dereva anapiga honi. Hukuwa umelala. Ulikuwa umelishika gauni lake, la kitambaa cha kijani nililomshonea mwenyewe kwa safari, umelikunja ngumini pale pa mfuko. Mama yako alikubembeleza, nami nikakubembeleza. Hukuachia. Yeye alikuwa analia na alikuwa karibu kusema haendi, nami nilijua asipoenda siku ile hataenda tena, na nyumba ilikuwa haina kitu. Nikakushika mkono nikavuta.

Sikuvuta kwa nguvu. Naapa kwa kaburi la mume wetu, ningekuwa navuta uzi kwenye sindano nisingeukata. Bega likatoka. Halikulia, kama ulivyoandika wewe, halikulia hata kidogo. Wewe ndiye uliyelia. Hapo ndipo vidole vilipofunguka.

Nikamwambia mama yako, nenda, amejikwaa tu, nitamtuliza. Akaenda. Sikumwambia kweli, si siku ile, si kwa barua, na alipokufa kule nikasema sasa sina wa kumwambia. Nikakubeba ndani nikalirudisha. Nilijua kulirudisha kwa sababu mama yangu alikuwa akimrudishia dada yangu mkubwa, ambaye bega lake lilitoka hata akivaa gauni. Mama yangu aliliita bega la mgeni, halikai. Tulicheka sana. Hatukumpeleka popote.

Na kingine. Siku ile haikuwa ya kwanza. Lilikwishatoka mara mbili. Mara moja nilikuvisha fulana yenye mikono niliyoibana kupita kiasi, ulipopenyeza mkono likatoka. Mara ya pili uligeuka kitandani, basi. Mama yako hakuwepo, nikalirudisha, nikanyamaza. Nilikuwa naona haya, mimi fundi, nguo yangu imemtegua mtoto. Baadaye nikakuita mbele ya wageni ukunje vidole, ili ionekane kwamba ulaini ni sifa. Nikajiaminisha hivyo.

Kwa hiyo huyo dada mwenye alama zake tisa ana haki, na daktari mkubwa amejenga juu ya uongo wangu. Ichukue barua hii, hii yenyewe, umpelekee. Kama hataki kusoma mwandiko wa bibi kizee, msomee. Msomee yote, na pale pa aibu yangu usiruke. Nenda kabla hawajakugusa kwa kisu.

Bibi

---

15 Mei

Jana ilikuwa tarehe kumi na nne. Dereva ameapa kwamba aliikabidhi hotelini kwa mlinzi. Mlinzi ni nani, simjui. Nimeshona zipu juu chini mara mbili leo. Sikuulizi kama umenisamehe. Nauliza kama wamekupasua. Andika neno moja tu.

Bibi

---

16 Mei

Bibi,

Kikaratasi chako dereva amenipa leo. Ile barua mlinzi alikaa nayo mfukoni, akanipa tarehe 12, jioni. Nilimsomea daktari tarehe 13, mbele ya dada wa mazoezi. Pale pa gauni nilishindwa, dada akaendelea kusoma. Pale pa fulana daktari alivua miwani.

Hawajanipasua. Wameniondoa kwenye orodha. Mazoezi miezi sita, mara tatu kwa wiki kwake na kila siku chumbani. Nafunga mpira mwembamba kwenye kitasa, nauvuta kidogo, narudisha polepole. Amesema kurudisha polepole ndiyo dawa, kuvuta ni rahisi. Narudisha mabega nyuma nikihesabu mpaka kumi. Nimekatazwa kukunja vidole kumwonyesha mtu, hata kwa peremende. Kama baada ya miezi sita bado linatoka, ndipo watazungumza tena habari ya kisu.

Anasema na wewe uache kulaza hilo dole gumba. Na magoti yako yaonwe.

Miaka ishirini na mitatu, Bibi. Nilikuwa naukasirikia usingizi, kumbe sikulala.

Ninakuuliza jambo moja tu. Alipokwenda kwenye gari, aligeuka?

---

9 Juni

Mjukuu wangu,

Hukuandika shikamoo wala hukuandika wako nani. Nimeona. Nami marahaba sijaitika, nimeiweka, siku utakayonisalimia itakuwepo.

Swali lako nimekaa nalo wiki nzima. Si kwamba sijui jibu.

Aligeuka. Alifungua mlango wa gari, akaweka mguu mmoja ndani, akageuka. Wewe nilikuwa nimekukumbatia, uso wako nimeubana kifuani kwangu ili usione. Nilidhani ukiona itakuuma zaidi. Akasimama hivyo, mguu ndani mguu nje, na dereva akapiga honi tena. Mfuko wa gauni ulikuwa umening'inia, uliuchana kwa vidole vyako, mshono wangu mwenyewe umefumuka. Akaushika ule mfuko kwa kiganja, hivi, kama mtu anayefunika kitu kisidondoke. Mimi nikamfanyia ishara ya mkono, nenda. Akaingia.

Barua yake ya kwanza kutoka kule aliniandikia nimtumie uzi wa kijani. Nikamtumia. Baada ya mwezi akaandika kwamba uzi ameupata, lakini mfuko hajaushona, anapenda ulivyo. Sikumwelewa wakati ule, nikamwandikia kwamba ni uvivu. Barua zote mbili ninazo. Sikukuonyesha kwa sababu ungeniuliza mfuko ulichanwa na nani.

Basi hukulala, na hukumwachia. Hilo ni lako, lilikuwa lako siku zote, nililificha mimi. Sikuombi msamaha kwa barua. Karatasi haina uso.

Daktari wa hapa ameyaona magoti yangu. Alinikunja kama alivyokukunja huyo dada yako, nikapata saba. Kasema ningepata zaidi nikiwa kijana, nami nikamwambia nikiwa kijana asingethubutu kunikunja. Amenipa kitambaa cha kufunga na kunikataza kuchuchumaa. Dole gumba nimeliacha. Mkasi nimeanza kuushika kwa mikono miwili, hilo sikukuambia na sasa nimekuambia. Maumivu ya kuficha nimechoka nayo.

Nimesikia mlinzi ametuma neno kwa dereva kwamba unaonekana ukienda kwa mazoezi. Usiache. Uvivu wa ukoo wetu naujua, maumivu yakipungua tunajiona tumepona. Msimamizi wako akikurudisha kwenye mashuka kabla huyo dada hajaruhusu, kataa. Akikufukuza, huku kuna cherehani mbili na mimi siwezi tena kuendesha hata moja siku nzima.

Miezi yako sita ikifika nusu, mwombe huyo dada ruhusa ya siku kumi. Panda basi la mchana. Mzigo wa bega usibebe, hata mkoba, mpe kondakta. Njoo uzisome barua za mama yako mwenyewe, kwa sauti, mbele yangu, na mimi nitakaa kwenye kiti nisikilize mpaka umalize. Baada ya hapo sema lote ulilo nalo kwangu, usinipunguzie kwa sababu ya uzee. Nijibu tarehe utakayofika.